SOMO: Kuchagua pedali ya EQ ya parametriki kwa gitaa la besi

Wakuu, swali la "ninunue EQ gani ya besi" nimelijibu hadi vidole vimechoka. (EQ ni kifaa cha kupandisha au kushusha sehemu fulani za sauti.) Atakayeuliza tena namtumia hii.

1. Nyuzi zikiwa zimechakaa, badilisha nyuzi kwanza. EQ haifufui maiti.

2. Jua unachonunua. EQ ya grafiki ina vitelezi ambavyo masafa yake, yaani kimo cha sauti kinachopimwa kwa hertzi, yameshapangwa kiwandani. Boss GEB-7 inavyo saba, vya kwanza viwili vikiwa hertzi 50 na 120. Ukumbi wako ukivuma kwenye 85, huna pa kushika. Parametriki inakuachia uchague masafa, kiasi cha kupandisha au kushusha, na upana wa eneo linaloguswa, yaani Q. Isiyo na Q ni nusu parametriki: si mbaya, ila usiilipie bei ya kamili.

3. Angalia bendi ya chini, yaani eneo la sauti nzito ambalo pedali inaligusa, inaanzia hertzi ngapi. E ya chini ya besi ya nyuzi nne ni hertzi 41. B ya nyuzi tano ni 31. Pedali ya gitaa la solo inayoanzia 100 inaishia kukupapasa juu juu.

4. Ijaribu kabla ya kulipa. Hapa ndipo wengi wanaharibu. Punguza sauti ya amplifaya, bana Q iwe nyembamba, pandisha desibeli 6, kisha zungusha masafa taratibu huku ukipiga. Ukifika pale sauti inapovimba kama inatoka ndani ya pipa, simama. Hapo hapo shusha hadi desibeli 3 au 4 chini ya sifuri na usikilize tena. Pedali isiyokufikisha hapo, iache dukani.
ONYO: usipandishe hadi mwisho huku sauti iko juu. Desibeli 12 zinaidai amplifaya nguvu karibu mara 16. Koili ya spika inaungua, na muuzaji atakutazama wewe.
ONYO LA PILI: usisake kwa noti moja. Utainasa noti yenyewe ukidhani ni ukumbi. Panda kibao kwa kibao (fret kwa fret) shingoni mwa besi, kwa nguvu ileile ya kidole.

5. Umeme: nyingi ni volti 9, hasi ikiwa katikati ya plagi. Soma kilichoandikwa kwenye pedali, usibahatishe adapta.

MASWALI

– Mkuu, ipi nzuri na bei poa?
Hatua ya 3 na ya 4.

– Nimesoma, ila hujataja bei.
Sijataja kwa sababu mimi si dalali. Bei ya leo Kariakoo si ya mwezi ujao.

– Kaka, napigia kwaya. Kinanda kikianza, besi yangu inapotea. Niongeze chini?
Hapana dada, na umeuliza vizuri. Ukiongeza chini mtagombania sehemu moja. Mwombe wa kinanda apunguze mkono wa kushoto. Kisha shusha kidogo kwenye 200, na upandishe desibeli 3 kati ya 700 na 1000, Q ikiwa pana. Spika nyingi za kanisani hazitoi hertzi 41 kwa nguvu ya maana. Sikio linaitambua noti kwa sauti zake za juu. Wape hizo.

– EQ iwe kabla ya kompresa (pedali inayobana sauti kubwa na ndogo zikaribiane) au baada?
Kama unakata mvumo, kabla, ili kompresa isishtuke kwa kitu usichokitaka. Kama unapandisha kuongeza ladha, baada.

– Mimi besi ilivuma mpaka nikainua spika kwenye kreti za soda. EQ sikuigusa.
Jukwaa la mbao lililo wazi chini ni ngoma nyingine hiyo. Dawa yako ni nzuri kuliko pedali, na ni bure.

– Kreti zenye chupa au tupu?
Tupu, chupa zitalia. Na zifunge kamba, spika isitembee wimbo ukikolea.