Makarov iliyotumika inapogonga bila kulipua risasi
Bastola ya Makarov iliyokwisha kutumika ikigonga na risasi isilipuke, usiifungue papo hapo. Ielekeze mahali salama kwa sekunde 30, kwa kuwa risasi inaweza kuchelewa kulipuka, kisha chomoa magazini, toa risasi iliyomo chemba na uitazame fataki (kiwashio cha baruti) iliyo kitakoni mwa ganda. Alama yenye kina iliyoachwa hapo na pini huonyesha kwamba huenda kasoro ni ya risasi yenyewe, ilhali alama hafifu huelekeza shaka kwenye pini ya kufyatulia au springi ya nyundo. Kabla ya kutafuta kipuri, jambo ambalo wengi hulikimbilia, tundu la pini lisafishwe. Pini ya Makarov haina springi ya kuirudisha nyuma, hivyo grisi iliyopakwa kuihifadhi ghalani na kuganda kwa miaka mingi huipunguzia kasi. Tundu hilo hufutwa kwa kiyeyusho na kuachwa kavu, bila mafuta, maana pini iliyokwama ikiwa imejitokeza mbele ni hatari kuliko isiyogonga, kwani inaweza kulipua risasi wakati chemba inafungwa. Ncha iliyovunjika haichongwi kwa tupa: pini nzima ibadilishwe na fundi wa silaha mwenye leseni.