Oskiloskopu ya dharura
Saketi yako ya taima 555 (chipu inayotoa mapigo ya umeme) inaleta ubishi na oskiloskopu, kifaa cha kuonyesha mawimbi ya umeme, huna? Tumia tundu la maiki la kompyuta. Ishara ipitishe kwenye rezista ya kilo-omu 100, kisha ya kilo-omu 1 iende graundi, na maiki uichukulie pale rezista hizo mbili zinapokutana: volti 9 zinashuka hadi chini ya 0.1. Rekodi kwa Audacity (programu ya kurekodi sauti), kuza picha, uhesabu mawimbi. Mawimbi ya mraba yakitokea na vichwa vilivyoinama, saketi yako ni nzima. Kinachoviinamisha ni kapasita ya pale kwenye tundu la maiki, inazuia umeme wa DC, yaani usiobadilika (ndiyo maana betri hutaipima hapa). Juu ya 20 kHz (mawimbi 20,000 kwa sekunde) usitegemee kitu. Laptopu itumie betri yake, chaja umeichomoa. Umeme wa ukutani usiuunganishe kabisa, hata kwa rezista.