Ukishaambiwa una endometriosisi, anza na daftari

Ukitoka kwa daktari na jibu la endometriosisi mkononi, nunua daftari kabla hujakimbilia dawa za kila mtu. Mimi ni fundi cherehani hapa Magomeni, nami natumia lilelile la vipimo vya wateja: mbele kifua, kiuno, nyonga, nyuma nimeligeuza, naandika mwili wangu. Kila siku mstari mmoja. Maumivu kati ya sifuri na kumi, pedi nilizobadilisha, choo kiliuma au hakikuuma, tendo la ndoa vilevile, nimemeza nini na saa ngapi. Usiandike "niliumwa sana". Andika "saba, sikuweza kukanyaga cherehani hadi adhuhuri". Daktari mwenye foleni hadi mlangoni anapata cha kushika hapo.

Ugonjwa wenyewe ni huu: tishu zinazofanana na utando wa ndani wa mji wa mimba huota nje yake, kwenye ovari (vifuko vya mayai), mirija, hata utumbo na kibofu, na homoni za kila mwezi huzichochea. Panavimba, panapata makovu, viungo vinaweza kugandana. Hukurogwa, wala si malipo ya mimba uliyotoa, maana hayo utayasikia. Shirika la Afya Duniani linakadiria wanawake na wasichana milioni 190 wanao. Dawa ya kuung'oa moja kwa moja haipo, kuutuliza kunawezekana.

Dawa za maumivu wengi wetu tunazimeza tukiwa tumeshajikunja sakafuni. Umechelewa. Ibuprofeni, diklofenaki na asidi ya mefenamiki huzuia kemikali zinazoleta maumivu zisitengenezwe, kwa hiyo anza siku moja kabla ya hedhi, au mara tu unapohisi dalili. Siku yenyewe utaijuaje? Daftari. Ule kwanza, ndipo umeze. Na hizo tatu ni ndugu wa tumbo moja: chagua moja, usizichanganye hata muuza duka la dawa akikufungia zote kwenye kikaratasi. Parasetamoli ndiyo inaweza kuongezwa juu yake. Mwenye vidonda vya tumbo, pumu au shida ya figo aseme kwanza.

Kisha homoni, na hapa ndipo shoga zangu hugomba: "Mie natafuta mtoto, wananipa uzazi wa mpango!" Ndiyo maana swali la mtoto ulijibu mwenyewe kabla ya kwenda kliniki, sasa au baadaye, kwa sababu dawa hizi hazikusaidii kushika mimba wakati unazitumia. Kazi yake ni kuzituliza zile tishu. Kuna vidonge vya kawaida vinavyomezwa mfululizo bila wiki ya kupumzika, kuna kidonge cha dienogesti cha miligramu 2 kila siku, kuna sindano ya miezi mitatu (hii uzazi unaweza kuchukua miezi mingi kurudi ukiiacha), kuna kitanzi chenye homoni. Kile cha shaba si chetu. Kinaweza kuzidisha damu na maumivu. Miezi ya mwanzo matone ya damu yasiyo na ratiba ni kawaida, usitupe dawa wiki ya pili. Kama unataka mtoto sasa, sema wazi, mjadili upasuaji au kliniki ya uzazi. Na anayekwambia "zaa tu utapona" mwache na maneno yake.

Ukishauriwa upasuaji wa matundu madogo, uliza: hizo tishu mtazikata au mtazichoma? Ovari itaguswa kiasi gani, maana mayai yanaweza kupungua? Baada ya hapo nitatumia nini ili ugonjwa usirudi haraka? Kutoa kizazi chote nako si dhamana ya kupona.

Chakula hakiponyi. Kinapunguza kero. Wiki ya hedhi naacha maharage na kabichi kwa sababu tumbo hunijaa upepo; mwenzangu vinampita salama, basi ale. Damu ikiwa nyingi, tafuta madini ya chuma: maini, dagaa, mchicha na ndimu, na chai uisogeze mbali na mlo. Vifurushi vya "kusafisha kizazi" vya mtaani usiviweke mwilini kabisa.

Joto linasaidia kweli. Chupa ya maji ya moto, yasiyochemka, naifunga kanga mikunjo miwili, chini ya kitovu. Ikipoa kidogo naihamishia kiunoni nyuma. Bila kanga ngozi huungua na kubaki madoa. Siku nzuri natembea, na kila nikimaliza nguo nasimama nijinyooshe.

Kazi nayo ina kalenda. Kukata vitambaa na kushona magauni ya harusi ni wiki njema; wiki mbaya ni vifungo na pindo, kazi za kukaa kwenye mkeka. Mteja namwambia "Alhamisi". Sababu haimhusu. Mume inamhusu, mwonyeshe daftari.

Mtangazaji wa Kenya Njambi Koikai, aliyefariki Juni 2024, ugonjwa huu ulimfikia hadi kifuani. Kwa hiyo kifua kubana au pumzi kukatika wakati wa hedhi usifiche. Hilo, kuzimia, homa yenye maumivu ya tumbo, au pedi kujaa kila saa, usivisubirishe hadi tarehe ya kliniki. Nenda hospitali usiku huohuo.