GDB "inachelewa"? Angalia bafa kwanza

Vijana wa hapa Chake mnaojifunza C kwenye laptopu za Windows: ukivuka `printf("Karafuu: %d\n", kilo);` kwa `next` ndani ya GDB (programu ya kusaka makosa kwenye kodi) na kisitoke kitu, halafu maneno yote yakamwagika kwa pamoja programu inapomalizika, usikimbilie kuipakua GDB upya. Bando lenyewe ghali, na GDB haina kosa.

Chanzo ni bafa ya stdout, yaani sehemu ya kumbukumbu inayoshikilia maneno ya programu kabla ya kuyatoa. Programu ikitambua kuwa inaandika kwenye terminali, hutoa maneno mapema. Ikiona bomba (pipe, njia ya kupeleka maneno kwa programu nyingine), hufanya kama daladala la Darajani, haling'oki mpaka lijae. Git Bash mara nyingi hutumia mintty, dirisha lake la terminali, na programu za Windows zikiendeshwa humo huona bomba. Ndiyo maana kodi ileile kwenye cmd (Command Prompt ya Windows) haichelewi.

Dawa ninayoipenda ni mstari huu wa kuizima bafa, mwanzoni kabisa mwa `main`:

`setvbuf(stdout, NULL, _IONBF, 0);`

Msiweke `_IOLBF` (bafa ya mstari kwa mstari) mkidhani ni nafuu zaidi. Windows huichukulia sawasawa na bafa kamili, mtarudi palepale. Kama hutaki kugusa kodi, anza na `winpty gdb ./karafuu.exe`; winpty huifanya programu ione terminali badala ya bomba. Na ukishakwama katikati ya kazi, andika `call (int)fflush(0)` kwenye GDB ili kuimwaga bafa, maneno yatatoka hapo hapo.

Wa Linux, nyinyi angalieni `\n` (alama ya mstari mpya) tu. Ikikosekana mwishoni, maneno hubaki ndani hata kwenye terminali.