Namna ya Kuliweka Duka Dogo Mtandaoni Ili Wateja Walipate

Mtu anayetafuta fundi wa kushona sare za shule Kariakoo siku hizi huitazama simu yake kabla ya kuuliza mpita njia, na duka asiloliona humo kwake ni kama halipo, hata kama fundi wake ana mkono mzuri kuliko wote mtaani.

Anza na ramani ya Google, kwa kuwa usajili wake ni bure. Andika jina la biashara kama lilivyo kwenye kibao, chagua aina ya kazi, kisha weka alama ya mahali ukiwa umesimama dukani penyewe. Maduka yetu mengi huelekezwa kwa "nyuma ya soko" au "karibu na msikiti", hivyo alama iliyokosewa kwa hatua chache humpeleka mteja kwa jirani. Utatakiwa kuthibitisha umiliki, mara nyingi kwa video inayoonyesha kibao na ndani ya duka.

Halafu fungua WhatsApp Business, programu ya WhatsApp ya wafanyabiashara iliyoanza mwaka 2018, na ujaze orodha ya bidhaa. Piga picha kwenye mwanga wa mchana na uandike bei. Nalisisitiza hili la bei, kwa sababu mnunuzi anayeambiwa aulize faragha hushuku kwamba atapangiwa bei kwa kutazamwa sura.

Instagram inaweza kusubiri. Maoni ya wateja hayawezi: mwombe kila aliyeridhika aandike sentensi moja, na ukilalamikiwa, jibu siku hiyo hiyo kwa upole, ukieleza utakavyorekebisha.