Mwamba unavyoyeyuka bila kuongezewa moto: jaribio la bomba la sindano

Mpwa wangu wa kidato cha pili alinichorea mlima wa volkano, Ol Doinyo Lengai, na chini yake bahari ya moto mpaka katikati ya dunia. Kalamu nyekundu nusura iishe wino. Mchoro kama huo nakutana nao kwenye kila darasa ninalofundisha, na dawa yake ni hii.

Hatua ya 1. Futa bahari. Mantili, tabaka nene chini ya gamba la dunia, ni mwamba mgumu. Mawimbi ya tetemeko yasiyopita kwenye kimiminika hupita humo. Ni moto sana, kilomita 100 chini huweza kufika nyuzi 1,300, lakini uzito wa miamba ya juu unaubana usiyeyuke.

Hatua ya 2. Punguza mgandamizo. Nunua bomba la sindano la mililita 20 au zaidi, bila sindano, lenye mpira mweusi kwenye kichwa cha kijiti. Yale ya plastiki tupu yanavuja, usipoteze hela. Vuta maji ya moto ujazo wa robo, elekeza mdomo juu, sukuma hewa yote itoke, ziba, kisha vuta kijiti kwa nguvu. Maji yatachemka mkononi mwako bila jiko.

Hapa ndipo nilipoaibika. Mara ya kwanza mapovu yalitokea, nikashangilia, mtoto wa nyuma akasema, "Mwalimu, hiyo si hewa tu?" Alikuwa sahihi. Nilirudi nyumbani nikahangaika mpaka usiku. Kosa la kwanza: maji yalikuwa ya uvuguvugu. Yatoe kwenye chupa ya chai yakiwa nyuzi 80 hivi. La pili: sikuyachemsha vizuri kabla, yakabaki na hewa ndani yake. La tatu: kidole. Kinaungua, unakilegeza, hewa inaingia. Siku hizi nakandamiza mdomo wa bomba kwenye kipande cha ndala kuukuu, sioni kinachoshinda hicho. Ukitaka uhakika, achia kijiti: mapovu ya mvuke hutoweka, ya hewa hubaki.

Waambie pia kwamba kuchemka si kuyeyuka. Kinachofanana ni kazi ya mgandamizo. Wapagazi wa Kilimanjaro wanaijua: kileleni, mita 5,895, maji huchemka kwenye nyuzi 80 na kitu, maharage hayaivi. Kwenye Bonde la Ufa gamba linavutwa na kuwa jembamba, mantili inapanda ikiwa bado na joto lake, mzigo unapungua, nayo inaanza kuyeyuka.

Hatua ya 3. Barafu mbili, moja inyunyizie chumvi. Yenye chumvi itatangulia kuyeyuka. Kule Japani na Indonesia sakafu ya bahari inazama kwenye mantili na maji yake, na maji hayo huufanyia mwamba wa moto kazi ya chumvi: unayeyuka mapema.

Hatua ya 4. Nunua barafu ya ubuyu. Fyonza. Utamu na rangi hutangulia, mkononi inabaki barafu nyeupe isiyo na ladha. Mantili nayo huyeyuka sehemu ndogo tu, na kinachotoka hakifanani na kilichobaki. Kwa kuwa ni chepesi, hupanda. Kinachopanda Lengai huishia na sodiamu na kaboni tele, jamaa ya magadi: lava yake hutoka nyeusi, nyuzi 500 hadi 600 tu, kisha ikipata unyevu hugeuka nyeupe.

Barafu ya hatua ya 3 isichanganywe na ya ubuyu. Mpwa wangu alichanganya.