Kuweka taimingi ya Harley-Davidson WLA: nundu nyembamba ni ya silinda ya mbele

Wiki iliyopita nilikaa kwenye simu na jamaa mmoja kwa muda wa karibu saa tatu. Amefufua WLA yake kwa miaka miwili: rangi ya kijani kibichi isiyong'aa, sanduku la risasi pembeni ya gurudumu la mbele, taa za kujificha, kila kitu. Pikipiki inapendeza. Ila haiwaki. Ikiwaka, inakohoa na kutema moto kwenye bomba la moshi, na mara mbili kiki imemrudi ikamgonga ugoko. Alikwishabadilisha koili, kondensa, plagi na waya zote, na alikuwa anakaribia kununua kabureta nyingine. Kabureta haikuwa na kosa lolote. Tatizo lilikuwa taimingi, yaani wakati plagi inapotoa cheche, lile lile lililowahi kunila mimi siku mbili nzima, kwa hiyo naliandika hapa.

Kwa wasioifahamu: WLA ni WL ya kiraia iliyovalishwa magwanda. Herufi A ni ya Army. Injini ni ile ile ya inchi 45 za ujazo, yaani cc 740, silinda mbili za V ya nyuzi 45, valvu za pembeni, gia tatu za kubadilisha kwa mkono na klachi ya mguu. Jeshi la Marekani lilitaka chujio la hewa lenye bafu la oili, bamba la chuma chini ya injini, matapakalio yaliyoachwa mbali na gurudumu ili tope lisikwame, na mgandamizo mdogo ili injini ivumilie petroli mbaya na joto. Mfumo wa cheche haukuguswa sana, kwa hiyo mwenye WL ya kiraia anaweza kufuata hatua hizi bila kubadilisha kitu.

Jambo moja kabla hujashika spana. Soma namba iliyogongwa kwenye injini, upande wa kushoto. Zilizotengenezwa wakati wa Vita vya Pili vya Dunia baada ya Marekani kuingia zinaanza na 42WLA hata kama zilitoka kiwandani mwaka 1944, kwa hiyo usibishane na muuzaji kuhusu mwaka kwa kutazama namba hiyo peke yake. Fremu za enzi hizo hazina namba ya kulingana na injini. Kwa kazi yetu ya leo maana yake ni moja tu: injini yako huenda imewahi kufunguliwa na mafundi kumi usiowajua, na usiamini kwamba kitu chochote ndani yake kiko pale kiwanda kilipokiweka.

Hatua ya 1: Vifaa

Bisibisi, spana, filageji (vibamba vyembamba vya kupimia nafasi), na taa ndogo ya kupimia yenye balbu ya volti 6. Balbu ya volti 12 kwenye betri ya volti 6 huwaka hafifu kiasi cha kukudanganya mchana. Kuna watu wanaotumia karatasi ya sigara katikati ya pointi (vichwa viwili vidogo vinavyofunguka ili cheche itoke) na kuivuta taratibu mpaka iachie. Inafanya kazi, babu zetu wa ufundi walifanya hivyo, lakini mkono mmoja uko kwenye karatasi, mwingine kwenye gurudumu, na jicho liko kwenye tundu upande wa pili wa injini. Una mikono mingapi? Tumia taa.

Na hapa niseme tu: sipendi vile visanduku vya elektroniki vinavyouzwa kuchukua nafasi ya pointi. Ukivifunga, mkono wa kushoto wa usukani, unaowahisha na kuchelewesha cheche, unakuwa pambo. Pikipiki hii ilitengenezwa ili mpanda aiwahishe na kuichelewesha cheche mwenyewe, na hiyo ndiyo nusu ya raha yake.

Hatua ya 2: Pointi

Safisha, kisha weka nafasi ya 0.022 ya inchi, yaani milimita 0.56, fibre (kile kipande cha pointi kinachogusa kamu) ikiwa juu kabisa ya nundu ya kamu. Pima kwenye nundu zote mbili. Zikitofautiana sana, bushi za shafti ya taima (kifaa kinachobeba pointi na kamu yake) zimekwisha, na taimingi yako haitatulia hata uombe dua.

Fanya hili kabla ya taimingi, si baada yake. Ukipanua nafasi, pointi zinafunguka mapema na cheche inawahi. Ukirekebisha pointi mwishoni umeharibu kazi yote.

Hatua ya 3: Iweke juu ya stendi, tafuta alama

Stendi ya nyuma, gurudumu liwe hewani, gia ya tatu. Toa plagi zote mbili. Toa ile skrubu iliyoziba tundu la kuchungulia flaiwili (gurudumu zito la ndani ya injini, lenye alama ya taimingi) upande wa kushoto.

Klachi! Pedali ya klachi ya Harley ya mguu hubaki pale ulipoiacha: kisigino chini imeachia, vidole chini imeshika. Jamaa yangu alizungusha gurudumu kwa dakika kumi akilalamika kwamba flaiwili haina alama. Flaiwili ilikuwa haizunguki kabisa. Vidole chini.

Sogeza gurudumu mbele polepole mno. Kwenye gia ya tatu injini huzunguka zaidi ya mara nne kwa mzunguko mmoja wa gurudumu, kwa hiyo kidole kimoja cha mwendo kwenye tairi kinatosha kupitisha alama dirishani bila wewe kuiona. Ukiipita, rudi nyuma kidogo kisha uje tena mbele. Usiikaribie alama kutoka nyuma, kwa sababu ulegevu wa meno utakupa jibu jingine.

Hatua ya 4: Mpigo upi, na nundu ipi

Hapa ndipo siku zangu mbili zilipotelea, kwa hiyo vumilia.

Alama ile ni ya silinda ya mbele, nyuzi 30 kabla pistoni haijafika kileleni, cheche ikiwa imewahishwa kabisa. Lakini krenki (shafti kuu ya injini) huzunguka mara mbili kwa kila mpigo wa moto, maana yake alama hutokea dirishani mara mbili: mara moja silinda ya mbele ikiwa kwenye mgandamizo, mara nyingine ikiwa inatoa moshi. Unaitaka ya mgandamizo. Fungua kifuniko cha valvu za mbele utazame valvu ya kuingiza: inafunguka, inafunga, na alama inayofuata mara baada ya kufunga ndiyo yako. Kidole kwenye tundu la plagi nacho husaidia, hewa itakisukuma. Mimi naamini valvu kuliko kidole, maana injini iliyochoka haisukumi kitu.

Ukikosea mpigo, hesabu yake ni hii. Koili ni moja na hupiga plagi zote mbili kwa pamoja kila pointi zinapofunguka. Kwa hiyo hutaona kimya. Utaona vurugu. Silinda ya nyuma itapata cheche nyuzi 15 baada ya kilele, imechelewa, na ya mbele itapata nyuzi 75 kabla ya kilele. Hiyo ya mbele ndiyo inayorudisha kiki na kukutafuta ugoko.

Sasa nundu. Kamu ya taima ina nundu mbili, na kwa kuwa silinda zimekaa V ya nyuzi 45, nundu hazikutazamana sawasawa. Kutoka moto wa mbele hadi wa nyuma krenki inakwenda nyuzi 315, kisha kutoka wa nyuma kurudi wa mbele nyuzi 405. Kamu huzunguka nusu ya mwendo wa krenki, kwa hiyo upande mmoja una nyuzi 157.5 na upande wa pili 202.5. Nundu nyembamba ni ya silinda ya mbele. Nundu pana ni ya nyuma. Tofauti ya upana ni ndogo, na kama kamu imevaa oili na vumbi, jicho la haraka litaziona mapacha.

Mimi niliweka nundu pana kwenye alama ya mbele. Silinda ya mbele ikapiga vizuri kabisa, ndiyo maana sikushuku taimingi! Ya nyuma ikawa inapata cheche nyuzi 90 baada ya wakati wake, yaani nyuzi 60 baada ya kilele, pistoni ikiwa tayari inashuka. Petroli ikawa inaungulia kwenye bomba la moshi. Bomba la nyuma likawa jekundu jioni ile, na mimi nikakaa nikisafisha kabureta. Nikaisafisha mara tatu. Sijawahi kuwa na kabureta safi kama ile.

Kwa hiyo sasa situmii jicho peke yake. Nafanya jaribio hili, na nakuomba nawe ulifanye hata kama una uhakika:

Funga taa ya kupimia, waya mmoja kwenye kichwa cha pointi, mwingine kwenye chuma cha injini. Washa swichi. Pointi zikifungana taa imezimwa, zikifunguka inawaka. Cheche hutoka pale pale taa inapowaka. Weka alama ya mbele dirishani kwenye mgandamizo, taa ikiwa ndiyo kwanza inawaka. Kisha endelea kusogeza gurudumu mbele. Taa itazima, baadaye itawaka mara ya pili. Tazama: imewaka kabla alama haijarudi dirishani, au baada ya kupita?

Ikiwaka kabla, uko kwenye nundu nyembamba, sawa. Alama ikirejea dirishani huku taa bado giza, halafu taa ikawaka baadaye, umeshika nundu pana. Inua taima, zungusha shafti karibu nusu duara, rudisha meno, anza upya.

Tahadhari tatu. Kwanza, jaribio hili linakuambia nundu, halikuambii mpigo. Ukikosea mpigo kwa nundu sahihi, taa itakupa jibu la kuridhisha na pikipiki itakupiga teke. Valvu kwanza, taa baadaye. Pili, usiache swichi imewashwa huku pointi zimefungana wakati unakwenda kunywa chai, koili itachemka. Tatu, nimewahi kufungua injini yenye alama mbili kwenye flaiwili, moja ya kiwanda na nyingine imechongwa na mtu kwa msumeno. Ukikuta hivyo usikisie ipi ni ipi. Tafuta kilele halisi cha pistoni ya mbele, kisha upime nyuzi 30 kwa sahani ya nyuzi.

Hatua ya 5: Kukaza

Wahisha cheche kabisa: mkono wa kushoto uzungushwe kuelekea ndani mpaka mwisho. Usiuamini mkono. Waya na vipande vya ndani huchakaa, na mkono unaweza kufika mwisho huku taima bado haijagusa kizuizi chake. Tazama taima yenyewe, isukume kwa kidole kama lazima, halafu ukatengeneze waya siku nyingine.

Legeza klempu, zungusha kichwa cha taima mpaka taa iwake alama ikiwa katikati ya tundu, kaza, hakikisha tena. Ukikaza huwa kinasogea kidogo. Rudia.

Hatua ya 6: Kuwasha

Rudisha plagi na skrubu ya tundu. Gia huru, ambayo iko kati ya ya kwanza na ya pili. Funga choki, piga kiki mbili swichi ikiwa imezimwa, fungua choki kiasi, chelewesha cheche kidogo kwa mkono wa kushoto, washa, piga kiki kwa nguvu na bila woga. Kiki ya kusitasita ndiyo inayorudi.

Ikishika, wahisha cheche yote na uiache hapo. Barabarani unaichelewesha tu injini ikianza kugonga mlimani. Gusa mabomba yote mawili kwa tone la maji baada ya dakika moja: yakitofautiana sana kwa joto, rudi hatua ya 4.

Ya jamaa yangu iliwaka kiki ya pili. Alikuwa ameshika nundu pana.